Boila ya mzee imekufa: milioni 3.2 ziliishia wapi

Milioni tatu na laki mbili. Hiyo ndo hela iliyotoka mpaka nyumba ya mama pale Cheyo, Tabora, ikapata tena maji ya moto, na kabla hujashtuka ngoja nikwambie kwamba mashine yenyewe, sola ya kuchemshia maji, ilikuwa milioni moja na laki nne na nusu tu, yaani haikufika hata nusu ya hela yote. Zilizobaki zimeenda kwenye vyuma, saruji, bomba, waya, vigae na mafundi. Kila anayeniuliza siku hizi anauliza "hiyo sola mlinunua shingapi", nikimtajia anafurahi, anaondoka na hiyo namba kichwani, na mi namwonea huruma maana najua haimfikishi popote.

Mzee wetu alikuwa fundi kwenye karakana ya reli hapa Tabora, kaanza kazi wakati injini za mvuke bado zipo kazini, kwa hiyo mambo ya boila alikuwa anayajua damuni. Alipojenga nyumba akajitengenezea ya kwake nyuma ya bafu: pipa la lita 200 limelazwa juu ya matofali ya kuchoma, chini yake mdomo wa kuni, nyuma bomba la moshi linapanda juu ya paa, na bomba la chuma linatoboa ukuta linaingia bafuni. Waliokulia kwenye nyumba za zamani za reli au za misheni wanaijua hiyo kitu. Unawasha jioni, kuni chache tu, mpaka muda wa kuoga watu wazima maji yanachemka, na ukiyaacha usiku kucha na makaa yakafunikwa majivu asubuhi bado unapata ya uvuguvugu mzuri. Na wale wanaosema Tabora joto maji ya moto ya nini, waje mwezi wa sita au wa saba waamke saa kumi na moja alfajiri waoge ya bombani, usiku hapa inashuka mpaka nyuzi 14, 15, na kwa mtu wa miaka themanini mwenye magoti yanayouma hilo sio jambo la kuoga halafu ukasahau.

Kitu alichokuwa anafanya mzee ambacho sisi watoto tulikiona kama usumbufu ni kulisafisha pipa. Kila baada ya muda anafungua koki ya chini, linatoka tope jekundu na magamba meupe, analisuuza mpaka maji yatoke meupe ndo anafunga. Alikuwa anasema boila haiuawi na moto, inauawa na maji. Alipofariki hiyo kazi ikakosa mwenyewe, magamba yakajikusanya chini kule kwenye moto, chuma kikawa kinaungua kwa sababu maji hayakigusi tena vizuri, kutu nayo ikamalizia. Fundi wa kuchomelea akaziba hapa, pakatoboka pale, akaziba pale, mwisho akaniambia kaka mi hapa nachomelea hewa, hakuna bati tena. Basi.

Sasa hapo ndo familia ikaingia. Tuko watatu wenye uwezo wa kuchangia: mimi niliyepo hapa, kaka yuko Mwanza, na dada yetu mkubwa yuko Leicester kule Uingereza miaka mingi. Dada alikuwa ametoka kubadilisha boila ya kwake muda si mrefu, kwa hiyo alikuwa na uchungu na hiyo habari, anatuma voisi za dakika nane nane.

Boila ya kwake ni kitu kingine kabisa na ya mzee ila ukisikiliza vizuri unaona ugonjwa ni mmoja. Kule boila ni ya gesi, iko jikoni imetundikwa ukutani, inachemsha maji ya kuoga na pia inazungusha maji ya moto kwenye redieta za vyumba vyote, maana baridi lao sio letu. Ya zamani ilikuwa ile ya kimoto kidogo kinachowaka muda wote hata kama hamna mtu nyumbani, na mashine za umri ule zinapoteza vibaya, katika kila pauni kumi za gesi karibu tatu zinatoka na moshi nje. Mpya za siku hizi zinanyonya hadi joto la ule moshi, ndo maana tangu 2005 kule karibu kila boila ya gesi inayofungwa lazima iwe ya namna hiyo, na kwa sababu moshi ukipoa unatoa maji, inabidi kuwe na kabomba ka kutolea hayo maji, kakipita nje wakati wa baridi kali kanaganda na boila inazima asubuhi ile ile unayoihitaji. Dada hiyo ilimtokea jamani, kasimama nje na birika la maji ya vuguvugu anakamwagia bomba.

Bei aliyolipa ni pauni 2,600, ukizileta huku ni zaidi ya milioni nane. Nikapiga kelele. Akaniambia tulia, mashine ni kama pauni 1,100, nyingine ni fundi, ni bomba jipya la moshi, ni kusafisha redieta zote zilizojaa tope jeusi kabla mashine mpya haijaungwa maana usipofanya hivyo waranti inakufa, ni kubadilisha bomba la gesi kuwa nene zaidi. Na fundi mwenyewe huwezi kumwita yeyote wa mtaani, kisheria anayegusa boila ya gesi kule lazima awe kwenye rejista inayoitwa Gas Safe, anakuonyesha kitambulisho, kwa sababu gesi ikiungua vibaya inatoa ile sumu isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Nilimwambia hiyo sumu na sisi tunayo, watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani msimu wa kipupwe wanafunga madirisha, asubuhi majirani wanavunja mlango. Tofauti ni kwamba huku hakuna rejista ya jiko.

Alishafikiria pia ile mashine inayovuta joto kutoka kwenye hewa ya nje, wanaiita pampu ya joto, serikali yao kwa England na Wales inatoa ruzuku ya pauni 7,500 kwa anayetoa boila ya gesi na kuweka hiyo. Kwa masikio yangu hiyo ilikuwa hela ya bure. Ila nyumba yake ndogo, haina pa kuweka tanki la maji ya moto, redieta ndogo, bomba nyembamba, akaambiwa vyote hivyo vibadilishwe kwanza. Akabaki na gesi. Ninachotaka mshike ni kwamba hata kwenye hiyo nchi yenye rejista na ruzuku, bei haikuwa ya mashine, ilikuwa ya nyumba. Nyumba ndo inasema itakubali mashine gani na itakutoza nini kwa kuikubali.

Turudi Cheyo. Fundi wa kwanza niliyemwita alikuja na pikipiki, akaangalia bafu dakika tano, akasema milioni moja na laki nane kila kitu, bosi, wiki ijayo mnaoga. Hakuuliza mnakaa wangapi, hakupanda juu ya dari, hakufungua koki kuona maji yanatoka kwa kasi gani. Nikamuuliza bomba za moto utatumia zipi, akasema hizi hizi PVC nyeupe za kawaida, za bei rahisi. Hapo nikamshukuru nikampa hela ya mafuta. PVC ya kawaida na maji ya moto haviendani, inalainika, viungo vinaachia, utaona ukuta unalia baada ya miezi michache na hapo vigae vimeshabandikwa.

Wa pili alikuwa mzee mmoja wa Isevya, mtu wa maneno machache, kofia ya baraghashia na daftari la shule mfukoni. Swali lake la kwanza hakuniuliza mimi, alimuuliza mama. "Shikamoo mama. Hapa mnaoga wangapi na saa ngapi?" Mama akafurahi kuulizwa, akaanza kuhesabu, yeye mwenyewe asubuhi na jioni, binti anayemsaidia, wajukuu watatu wa shule, na mmoja wa kazini anayerudi usiku. Mzee anaandika. Akauliza mnaoga kwa bomba la juu au ndoo, mama akasema wote ndoo, wajukuu ndo wanataka bomba la mvua. Nilikaa pale nikaona kwamba hii dakika kumi ndo kazi yenyewe, yaliyobaki ni spana.

Kwa sababu hesabu yake ilikuwa hivi na nimeirudia mwenyewe mara nyingi. Watu sita, mama anaoga mara mbili, jumla ndoo saba za lita 20, ni lita 140 kwa siku. Maji ya bombani kwetu yapo kama nyuzi 22, ya kuoga unayataka nyuzi 40. Kupandisha hizo lita 140 kwa nyuzi 18 unahitaji umeme karibu uniti 3, na kama yanakaa kwenye tanki linapoteza joto usiku kucha weka uniti moja nyingine. Uniti 4 kwa siku, 120 kwa mwezi.

Kaka wa Mwanza alikuwa upande wa tanki la umeme, lile la lita 80 la kutundika ukutani, kwake analo na linafanya kazi vizuri na kweli dukani ni kama laki sita na kitu tu. Lakini kaka ana biashara, umeme wake ni wa kundi la kawaida siku zote. Nyumba ya mama iko kwenye kundi la watumiaji wadogo, wale wa chini ya uniti 75 kwa mwezi wanaolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato, ukijumlisha VAT na tozo zile mbili inakuwa 122. Mama anatumia kama uniti 60, taa, friji, TV, hivyo mwezi unakula elfu saba na kidogo. Ukimwongezea tanki la uniti 120 anavuka 75 wiki ya pili tu, na kila inayozidi pale inapigwa bei ya juu, ukiendelea kuzidisha miezi unahamishwa kundi, unakuwa unanunua uniti kwa 356. Uniti 180 mara 356 ni elfu 64. Kutoka elfu saba mpaka elfu 64 kila mwezi, kwa maji ya kuoga! Nilipoiweka hiyo kwenye grupu la familia kaka alikaa kimya mpaka jioni halafu akaandika "duh".

Na bado sijasema habari ya umeme mdogo. Mtaa wetu jioni watu wakiwasha kila kitu voltimita inasoma 180 badala ya 230. Watu wanadhani hapo hita inafanya kazi taratibu kidogo tu, hapana, nguvu inaanguka kwa kasi kuliko volti, hita ya kilowati 3 kwa volti 180 inakupa kama kilowati 1.8. Kwa tanki sio kesi, litachelewa tu. Ila kwa ile hita ya kuoga ya papo kwa papo, ile ya kwenye kichwa cha bomba la mvua, ndo inakuwa maji yaliyopoteza ubaridi tu, unatetemeka unaidai joto. Hizo za papo kwa papo nazipenda kwa kitu kimoja, huchemshi maji ambayo huyaogi. Bei elfu 80, laki. Lakini inavuta kilowati 5 kwa mkupuo, inataka waya wake yenyewe mnene kutoka kwenye breka, inataka ethi ya kweli, ule waya wa usalama unaoingia ardhini, na nyumba ya mzee ilifungwa umeme zamani, waya mbili tu, ethi hamna. Bei ya kufunga waya upya nyumba nzima ilizidi hita mara kadhaa. Narudi pale pale, nyumba ndo inataja bei.

Kuna ile nyingine ya bei chee, koili ya kuchovya kwenye ndoo, elfu 12 sokoni. Nisiwadanganye, kwa hesabu tupu hiyo ndo inashinda zote, ndoo ya lita 20 haifiki hata nusu uniti. Tuliitumia kipindi chote cha mpito. Lakini uwe na mtu mzima anayejua kuchomoa kwanza kwenye soketi ndo atie mkono kwenye maji, na uwe na wa kubeba ndoo. Mama kuinama na ndoo ya moto kwenye sakafu ya bafu yenye sabuni, na wajukuu wanapita pita, hapana. Sikulala vizuri hizo wiki.

Na kuni je, kwa nini tusinunue pipa jipya tukaendelea? Hili dada hakulielewa ila mama alilitetea kwa nguvu. Pipa jipya nene na kazi ya kuchomelea isingezidi laki tatu na nusu. Kuni nazo tulikuwa tunatumia kama elfu 40 kwa mwezi, mzigo unaletwa na baiskeli mpaka mlangoni. Zamani zilikuwa karibu bure, siku hizi misitu ya huku inavutwa na mkaa upande mmoja na mabani ya kukaushia tumbaku upande mwingine, wenye baiskeli wanazifuata mbali na bei inapanda. Hata hivyo nasema ukweli, ukipiga hesabu ya sola dhidi ya kuni, milioni 3.2 kugawa kwa elfu 40 ni miezi 80, karibu miaka saba ndo hela irudi. Mtu yeyote anayekwambia sola inashinda kuni kwa hela hapa Tabora mwambie alete daftari. Kilichoshinda ni kitu kingine: nani anapasua, nani anawasha saa kumi na moja wakati binti kaenda sokoni, na moshi kwenye kifua cha mama. Dhidi ya tanki la umeme ndo sola inashinda kwa hela kweli, maana umeme ungetugharimu kama milioni moja na nusu kufunga, tofauti ni milioni moja na laki saba, na kwa kuokoa wastani wa elfu 45 kwa mwezi hiyo tofauti inarudi kwa miaka mitatu na kidogo.

Tukakubaliana sola, lita 150, ya mirija 15 ya vioo na tanki lake juu. Sasa mzee wa Isevya akatoka nje akaangalia simtanki letu, akaangalia paa, akaangalia simtanki tena, akatikisa kichwa. Simtanki liko kwenye mnara wa mita tatu. Sola ya aina hii haina presha, inajazwa na maji yanayoshuka yenyewe, kwa hiyo lazima simtanki liwe juu kuliko tanki la sola. Ukiiweka sola juu ya paa, paa ni refu kuliko mnara, maji hayapandi. Akapanda darini akashuka na vumbi la mchwa kwenye kiganja. Mbao za upande ule zimeliwa. Lita 150 za maji ni kilo 150, tia na chuma chake na mirija, unaweka zaidi ya kilo 200 juu ya mbao za mchwa juu ya kitanda cha mama.

Kwa hiyo mnara ukaongezwa. Simtanki likapandishwa juu, chini yake kidogo ikatengenezwa jukwaa la sola, paa halikuguswa. Vyuma, saruji, kuchomelea, rangi ya kuzuia kutu, laki saba na themanini. Hiyo ndo namba ambayo yule wa pikipiki hakuwa nayo kwenye milioni moja na laki nane yake, na sio kwamba angeilipa yeye, angefika katikati ya kazi angesema bosi kuna kitu kimejitokeza. Bomba la chuma la zamani lilipokatwa lilikuwa limeziba kutu mpaka tundu limebaki la kupitisha kalamu, tukatoa lote tukaweka PPR, bomba za plastiki zinazohimili maji ya moto, zile za kuunganishwa kwa kuchoma, pamoja na koki za kuchanganyia laki nne na kumi. Fundi laki mbili na nusu. Waya na breka ya elementi, yaani hita ya umeme ya ndani ya tanki, ya akiba ya siku za mawingu, elfu 85, hiyo alifunga fundi umeme mwenye leseni na akatuwekea ethi ya hiyo laini peke yake. Kubomoa ukuta, lipu na vigae laki moja na thelathini na tano. Usafiri wa mashine kutoka Dar elfu 90, na hapo niliomba mirija miwili ya ziada nikasema bora, maana vioo na barabara unajua mwenyewe, na kweli mmoja ulifika umepasuka.

Sasa kuna mambo mawili ya kufunga ambayo yamenifanya nimheshimu yule mzee maisha yangu yote. La kwanza ni upande wa kuelekea. Kitabu kilichokuja na mashine kimeandikwa kwa watu wa kaskazini ya ikweta, kinasema elekeza kusini. Kijana msaidizi akaanza kufunga miguu kuelekea kusini, kitabu si kimesema. Mzee akamwambia simama hapo mwanangu, mwezi wa sita saa sita mchana kivuli chako kinaenda wapi? Kijana akafikiria, akasema kinaenda kusini. Basi jua liko wapi? Sisi tuko nyuzi kama 5 kusini ya ikweta, na miezi ile ya baridi ambayo ndo tunayataka maji ya moto jua linakuwa kaskazini mbali, mashine iliyoelekea kusini ingekuwa imelipa jua mgongo msimu mzima. Wakageuza.

La pili ni kujaza maji. Mirija ikikaa tupu juani inapata joto kali sana ndani, ukiimwagia maji ya baridi saa nane mchana vioo vinapasuka pa pa pa. Mzee aliifunika kwa turubai siku nzima, akajaza kesho yake alfajiri kabla jua halijatoka. Kwa hiyo na maji yakikatika siku mbili tatu sola ikabaki tupu, usifungulie mchana yakirudi, subiri alfajiri. Hilo nimeliandika kwa kalamu nene nikabandika mlangoni kwa binti, pamoja na namba ya fundi. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike mjini kwetu kukatika sio kama enzi za kutegemea bwawa la Igombe, lakini hakuna kuzembea.

Kitu ambacho sikukitegemea ni maji kuwa ya moto kupita kiasi. Siku ya jua kali jioni yanafika nyuzi 70 na zaidi, hayo yanababua ngozi ya mtoto. Tulihangaika hapo mwanzo, wajukuu wakafundishwa kufungua ya baridi kwanza. Ningekuwa na hela zaidi ningeweka ile valvu inayochanganya yenyewe, ipo dukani ila ni laki mbili na ushee, imewekwa kwenye foleni ya mambo ya mwakani. Upande mwingine, masika mawingu yakikaza siku tatu mfululizo, maji yanakuwa ya vuguvugu tu na tunawasha elementi saa moja jioni. Mwezi mbaya kabisa hadi sasa umeongeza uniti chini ya 15, mama bado yuko kwenye kundi lake la 122 na hiyo ndo ilikuwa nia yote.

Dada alipoona picha aliuliza mbona hakuna cheti cha kufunga, kule kwao unapewa karatasi na mashine inafanyiwa sevisi kila mwaka. Cheti hamna ila risiti ya EFD ipo, bila hiyo waranti ya tanki ya miaka mitano ni hadithi, na nimepiga picha kila hatua kabla ukuta haujazibwa ili fundi atakayekuja kesho kutwa ajue bomba limepita wapi. Sevisi tumeipanga. Ndani ya tanki kuna fimbo ya magnesiamu, kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tanki, ikiisha kutu inahamia kwenye tanki. Inauzwa elfu 25. Wenye sola nyingi hapa mjini hawajawahi kuifungua, ukiwauliza wanasema ni ipi hiyo.

Mpwa wangu anayesoma ufundi VETA ndo kapewa kazi hiyo, kufungua fimbo kila baada ya masika na kutoa tope la chini, na dada anamlipa moja kwa moja kwa simu akituma picha ya fimbo ikiwa mkononi. Ya kwanza aliyotuma fimbo ilikuwa imeliwa kama theluthi, kwa hiyo kwa maji yetu nadhani mwaka wa tatu itabadilishwa. Nimeshaagiza ya akiba pamoja na mrija mmoja, vipo chini ya kitanda cha mama vimefungwa kwenye khanga.